Bei ya Damu: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Uchawi wa Wanyonyadamu Mezani

Katika toleo lililopita nilieleza jinsi kundi letu la watu watano linavyokutana South B kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kucheza Vampire: The Masquerade, na tangu hapo barua nyingi zimefika, karibu zote zikigusa jambo moja, yaani uchawi wa damu. Kwa msomaji ambaye hakulipata toleo hilo, huu ni mchezo wa masimulizi unaochezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu zenye pande kumi. Kila mchezaji anamwongoza mhusika mmoja, mnyonyadamu anayeishi kwa siri miongoni mwa binadamu, na mtu mmoja anayeitwa msimulizi anaeleza mahali walipo, anaigiza watu wengine wote na kuamua ni lini dadu zirushwe. Mchezo ulichapishwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1991 na kampuni ya White Wolf, mbunifu wake mkuu akiwa Mark Rein-Hagen, na toleo la tano la sheria zake lilitoka mwaka 2018. Nimechagua barua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wasomaji wengine.

*Ndugu Mhariri, mhusika wangu ni wa ukoo wa Tremere na anaweza kumnyonya adui akiwa mbali naye, damu ikapita hewani hadi mwilini mwake. Wenzangu wanalalamika kwamba mapambano yote ninayamaliza peke yangu. Zaidi ya hayo, msimulizi wetu anatumia kitabu cha zamani nami nina cha toleo la tano, na tunabishana kila tukikutana. Nani kati yetu amekosea?*
*Msomaji, Umoja*

Ndugu msomaji, hakuna aliyekosea, ila mnaipima damu ile ile kwa mizani miwili isiyolingana.

Katika matoleo ya zamani kila mhusika ana akiba ya damu inayohesabika. Mnyonyadamu wa kizazi cha 13 hubeba alama 10 na hawezi kutumia zaidi ya 1 kwa zamu, ilhali yule wa kizazi cha 8, aliye karibu zaidi na chimbuko la jamii yao, hubeba 15 na anaweza kutumia 3. Anayefanya uchawi hulipa alama 1, kisha hurusha dadu kwa idadi ya alama zake za Nia, yaani nguvu ya utashi wa mhusika, na ugumu wake, yaani namba ambayo kila dadu inapaswa kuifikia, ni daraja la uwezo huo likiongezewa 3. Uwezo unaoutaja ni wa daraja la nne, kwa hiyo ugumu ni 7, na kila dadu ina nafasi 4 katika 10 za kufaulu. Malalamiko ya wenzako yanaanzia hapa, kwa kuwa kila dadu inayofaulu inakuletea alama 1 ya damu ya adui, hata akiwa umbali wa mita 15. Ukitoa 1 ukapokea 4 umefanya biashara ya faida, na sioni kwa nini mchezaji mwenye akili timamu aiache biashara hiyo pambano baada ya pambano.

Hata hivyo, kitabu hicho cha zamani hakikuuacha uwezo huo bila bei. Uchawi ukiharibika kabisa, mchawi hupoteza alama moja ya Nia ambayo hairudi yenyewe. La pili, ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, ni kwamba damu inayoruka hewani inaonekana na kila mtu, na sheria kuu ya jamii hiyo, ile iliyoupa mchezo jina lake, inakataza binadamu kuujua ukweli. Pambano lenu la Umoja lina majirani kwenye roshani za orofa ya tatu, lina mlinzi langoni, na lina makanga anayeshusha abiria wa mwisho, na kila mmoja wao ana simu yenye kamera. Mwambie msimulizi awaweke watu hao mahali pao kabla dadu hazijarushwa, uone kama bado utaona faida ile ile.

Lipo pia jambo la kipimo, ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo mawili. Sheria za zamani zinampa binadamu alama 10 za damu. Mtu mzima ana takriban lita 5, kwa hiyo alama moja ni kama nusu lita, karibu sawa na ule mfuko wa mililita 450 ambao mchangiaji damu huujaza. Mhusika wako akimnyonya mlinzi alama 4, amemtoa lita 2, kiasi ambacho kwa daktari wa chumba cha dharura ni hali ya kufa na kupona. Meza inayosema tu "nimepata nne" haijaliona tendo lililofanyika, na msimulizi anayestahili jina hilo atamweleza yule mlinzi alivyokaa chini polepole akiuegemea ukuta.

Toleo la tano liliifuta akiba hiyo na mahali pake likaweka Njaa, inayopanda kutoka 0 hadi 5. Kila unapoiamsha damu ili ufanye uchawi, unarusha dadu moja: ikitoa 6 au zaidi umesalimika, ikitoa 5 au pungufu Njaa inapanda kwa moja. Kiwango cha Njaa ulicho nacho kinageuza idadi hiyo hiyo ya dadu zako kuwa dadu za Njaa, na dadu hizo zina tabia mbaya. Ukishindwa jambo na mojawapo ikaonyesha 1, yule Mnyama aliye ndani ya mhusika wako hutenda apendavyo, na hata ukishinda kwa kishindo, yaani kwa jozi ya 10 ambamo imo dadu ya Njaa, ushindi wako huja na madhara usiyoyataka. Ukiwa na dadu tatu za Njaa, nafasi ya angalau moja kuonyesha 1 ni asilimia 27. Ikifika 5 huwezi tena kuiamsha damu kwa hiari yako, na kuirudisha hadi 0 kunawezekana kwa njia moja pekee, kumnyonya binadamu mpaka afe.

Ukiniuliza nichague, nachagua toleo la tano bila kusita, kwa sababu akiba ya zamani ni kama fedha mfukoni, mtu anajua zimebaki ngapi na anapanga matumizi, lakini Njaa haikuambii itapanda lini, na huyo asiyejua ndiye hufikiri mara mbili kabla ya kuinua mkono. Kundi linalopenda hesabu libaki na kitabu cha zamani bila kuona haya. Ambacho ningewaomba msifanye ni kuchanganya, yaani kuchukua faida ya unyonyaji wa zamani na kuiambatanisha na Njaa ya sasa, kwa kuwa hapo kila mchezaji atachagua sheria inayomfaa na ubishi hautaisha.

*Nimesoma kwamba watu wa ukoo wa Tremere walikuwa wachawi kabla ya kuwa wanyonyadamu. Ilikuwaje, na je, ni wao pekee wenye uchawi wa damu?*
*Mwanafunzi, Kasarani*

Asili yao iko nje ya mchezo huu. Mwaka 1987 Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen walitoa mchezo uitwao Ars Magica, unaohusu wachawi wa Ulaya ya Zama za Kati, na Tremere ilikuwa mojawapo ya nyumba za wachawi hao wakiwa bado binadamu. Rein-Hagen alipobuni mchezo wa wanyonyadamu aliwahamishia humo na kuwapa mkasa wao. Kwa mujibu wa masimulizi ya mchezo, waliona uchawi wao unafifia na pamoja nao ile dawa iliyokuwa ikiwazuia wasizeeke, basi mwaka 1022 wakafanya majaribio kwa damu waliyoipora kutoka kwa ukoo wa Tzimisce, wakapata maisha yasiyo na mwisho na kuupoteza uchawi wao wa awali kwa siku moja. Mwaka 1133 kiongozi wao, Tremere mwenyewe, alimnyonya mzee wa kale aitwaye Saulot mpaka roho, na kwa wizi huo ukoo wao ukapata cheo miongoni mwa koo nyingine.

Ukishika jambo hili, mhusika wako atabadilika. Uchawi wa damu wa Tremere ni kiraka. Ni kitu kilichoshonwa upya na watu waliokuwa na ufundi mkubwa zaidi wakaupoteza, wakajifunza kuulazimisha mwili uwape kile ambacho zamani walikipata kwa elimu. Ndiyo maana walijenga utawala wa ngazi kama piramidi, makao yake yakiwa Vienna, na kila mwanachama mpya akanyweshwa damu ya wazee saba wa ukoo ili aanze safari ya kufungwa kwao. Toleo la tano linasimulia kwamba mwaka 2008 wawindaji wa kibinadamu waliyabomoa makao hayo na piramidi ikaanguka, na tangu hapo damu ya Tremere haiwezi tena kumfunga mnyonyadamu mwingine yeyote. Waliokuwa mafundi wa kufunga wenzao wamebaki hawana kamba.

Wao si wenye uchawi huo pekee. Ukoo wa Banu Haqim unao katika toleo la tano, na matoleo ya zamani yaliwapa wafuasi wa Set na baadhi ya Tzimisce uchawi wa aina zao. Wale wa damu hafifu, walio mbali kabisa na chimbuko, huchemsha dawa kwa damu katika mwili wao wenyewe, katika mwili wa binadamu mwingine, au kwa vyombo vya maabara.

*Huku kwetu dadu zinazopatikana ni za ludo tu, zenye pande sita. Tufanyeje?*
*Vijana watatu, Dandora*

Tumieni karata. Toeni zenye picha za watu, zitabaki 40, na ree ihesabiwe 1. Kopa na uru, ambazo ni nyekundu, ziwe dadu zenu za Njaa, na shupaza na pau ziwe dadu za kawaida, kila rangi katika fungu lake na kila fungu likichanganywa upya kabla ya jaribio. Kwa kuwa kila rangi ina 10 mbili tu, jozi za 10 zitakuja kwa nadra kidogo kuliko kwenye dadu, na anayetaka usawa kamili airudishe kila karata kabla ya kuvuta nyingine. Sisi tulicheza hivyo miezi saba.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi. Kijana wangu wa miaka 19 huenda kucheza mchezo huu kila mwisho wa wiki. Nilipokuwa nikisafisha chumba chake nilikuta karatasi yenye duara na maneno, "anywe mara tatu, usiku tatu tofauti, atakuwa wangu." Sisi ni watu wa kanisa. Je, mtoto wangu ameingizwa kwenye uchawi?*
*Mama, Buruburu*

Mama, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuichoma karatasi hiyo, na hofu yako naiheshimu, kwa sababu maneno hayo yakisomwa pekee yanatisha.

Yanatoka moja kwa moja katika sheria za mchezo. Mhusika akinywa damu ya mnyonyadamu mara tatu, katika usiku tatu tofauti, anafungwa kwa kitu kinachofanana na mapenzi, na hawezi kumpinga aliyemnywesha. Kijana wako aliandika mpango wa mhusika wake dhidi ya mhusika mwingine, kama vile mwandishi wa riwaya anavyoandika pembeni kwamba sura inayofuata msaliti atakamatwa. Katika vitabu hivi uchawi huelezwa kwa viungo vyake, muda wake na matokeo yake. Toleo la tano, kwa mfano, linasema shughuli ya namna hiyo huchukua dakika tano kwa kila daraja, kisha dadu hurushwa. Dakika hizo ni za ndani ya hadithi. Mezani hakuna mtu anayenuia wala kuomba chochote, na kinachoamua kama jambo limetokea ni dadu.

Hofu yako si ya Buruburu peke yake. Mwaka 1983 mama mmoja nchini Marekani, aliyekuwa amefiwa na mwanawe, alianzisha kampeni dhidi ya michezo ya aina hii akiamini kwamba ndiyo iliyomuua, na kwa miaka mingi makanisa na vyombo vya habari vilimsikiliza. Madai hayo hayakuthibitishwa, lakini uchungu wa mama yule ulikuwa wa kweli, nami sipendi kuona wachezaji wakiukumbuka kwa dharau.

Sitakuficha upande wa pili. Vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Vina mauaji, vina mtu kumtawala mwenzake kwa nguvu, na vinamwalika mchezaji aigize kiumbe anayeishi kwa kuwadhuru wengine. Kundi lenye busara hukubaliana kabla ya siku ya kwanza ni mambo gani hayataletwa mezani, na makundi mengi, letu likiwamo, huweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X, ambayo mchezaji yeyote anaweza kuigusa ili tukio lisitishwe bila kuulizwa sababu. Muulize kijana wako kama wanayo. Muulize pia kama kuna mtu aliyewahi kuleta sindano au wembe ili kuifanya hadithi iwe ya kweli. Damu halisi haina nafasi katika mchezo huu hata tone moja, kwa kuwa wembe wa kushirikiana huambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kundi linaloruhusu jambo hilo ni la kuondoka siku hiyo hiyo.

Kama imani ya nyumba yako inakataza hata kuigiza uchawi, hilo ni la kuzungumzwa kati yako na yeye, na barua yangu haiwezi kuliamua. Ila nakuomba umkalishe chini akueleze mhusika wake ni nani, anaogopa nini, na kwa nini anataka kumfunga huyo mwenzake. Nimewaona wazazi wawili wakifanya hivyo, na wote wawili waliyajua mambo ya watoto wao ambayo kwa maswali ya moja kwa moja wasingeyapata.

*Nataka kuanzisha masimulizi yanayotokea hapa Nairobi, na mchawi wangu awe mganga wa jadi. Nimesikia kuna kitabu kuhusu wanyonyadamu wa Afrika wanaoitwa Laibon. Je, nikitumie?*
*Msimulizi mpya, Kariokor*

Kitabu hicho kipo, kilichapishwa mwaka 2003, na ni jambo la heri kwamba waandishi wake walikumbuka bara letu lina usiku wake. Hata hivyo, jina walilolichukua lina wenyewe. Laibon, au oloiboni kwa Kimaasai sahihi, ni kiongozi wa kiroho anayepiga ramli kwa mawe na kuombea jamii yake. Lenana alikuwa oloiboni hadi alipofariki mwaka 1911, na jina lake liko kwenye barabara ya Kilimani na kwenye kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, kama vile la baba yake Mbatiany lilivyo kwenye kile cha Batian. Kwa mchezaji wa Chicago, Laibon ni neno geni lenye mvuto. Kwa mchezaji wako anayetoka Kajiado ni babu yake, aliyepewa meno na kiu ya damu. Chukua humo unachokipenda, lakini jina hilo ningeliacha, na kwa sababu hiyo hiyo nisingemfanya mganga wa jadi kuwa mnyonyadamu kwa sababu tu ni mganga.

Una hazina kubwa zaidi karibu nawe, nayo ni mumiani. Neno hilo lilitufikia kutoka Uajemi likiwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika, na Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alieleza kwamba watu wengi waliamini imetengenezwa kwa damu ya waliouawa, hata uvumi ukienea kwamba mumiani inatafutwa, watu hawakuthubutu kutoka nje jua likishatua. Wakati wa ukoloni hofu hiyo iliwahamia wazimamoto: ilisemwa kwamba wanawakamata watu usiku na kuwatoa damu kwa niaba ya wakubwa wao. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo za Afrika Mashariki na Kati, za Nairobi zikiwamo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, na alizichukulia kama maneno ya watu waliokuwa wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, jinsi utawala ulivyokuwa ukiwachukulia nguvu zao.

Fikiria unachopata hapo. Tremere wa Nairobi hana haja ya kibuyu wala ngozi ya chui. Alifika na reli mwaka 1899, akiwa na karatasi rasmi na sanduku la vioo, na wakazi wa mitaa ya zamani walimtambua mapema kuliko ukoo wake ulivyodhani, kwa kuwa walikuwa na jina la kazi yake tayari. Siri ambayo sheria za mchezo zinaitaka ilindwe ilikuwa imevuja tangu mwanzo, ila aliyeisema hakusadikiwa na ofisi yoyote. Nimesimulia mkasa huo mara mbili, na mara zote mbili wachezaji waliacha dadu wakaanza kueleza walichoambiwa na bibi zao.

Tazama pia undugu wa kuchanjiana. Wazee waliokuwa wakifanya undugu huo walichanjwa chale, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake kwa kipande cha nyama au ini, na maneno ya kiapo yakatamkwa juu yao, kwamba atakayemsaliti mwenziwe mabaya yamfike. Kifungo cha damu cha mchezo ni kinyume cha jambo hilo, kwa sababu damu inapita upande mmoja, mnyweshaji habanwi na lolote, na mnywaji hana kiapo cha kumdai. Ukimletea mchezaji mnyonyadamu mzee anayemwambia, "Tuchanjiane, tuwe ndugu," huku kikombe kikiwa kimoja tu mezani, kila Mswahili aliyekaa hapo atajua mara moja kwamba kuna hila, na hutahitaji kueleza sheria yoyote.

Kwa zile ibada za kuzuia viumbe wasiingie mahali, tumia maneno yetu. Zindiko ni kinga ya nyumba, kago ni kinga ya shamba au mali, na fingo ni kitu kinachofukiwa ardhini kilinde mahali, kama vyungu vilivyofukiwa milangoni katika mji wa kale wa Gede. Anayefukua fingo anajua amevunja kitu, na hilo tayari ni tukio la kusimulia.

Jambo la mwisho ni saa. Vienna, Desemba, usiku unakaribia saa 16, na Juni ni takriban saa 8. Nairobi iko digrii moja na ushei kusini mwa Ikweta, jua linatua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na mnyonyadamu hapati msimu wa neema wala wa dhiki. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu giza linapoingia, ni kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake: saa moja ndiyo anaamka, saa sita ndiyo nusu ya usiku wake, na saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuwa ndani. Andika ratiba ya uchawi wake kwa saa hiyo.

*Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ninawatafsiria vijana karatasi za mchezo. Kitabu kinasema damu ya kila binadamu ina tabia moja kati ya nne, kulingana na hisia zake, na kwamba tabia hiyo inaathiri uchawi. Nitumie maneno gani?*
*Mwalimu, Kahawa West*

Mwalimu, tabia hizo nne ni zile za tiba ya Kiyunani, ambazo Galen alizifundisha na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akazieneza kwa Kiarabu: damu, safura, sauda na balghamu. Neno letu damu lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Ungeweza basi kuyatumia yote manne na kuwa umetafsiri kwa usahihi wa kihistoria, lakini safura kwa msomaji wa leo ni ugonjwa wa kuishiwa damu, na balghamu ni makohozi, na mchezaji akiambiwa mhusika wake amekunywa damu ya balghamu atasita kwa sababu isiyo yako.

Ningependekeza ufuate hisia zenyewe: damu changamfu kwa mtu mwenye furaha au ashiki, damu kali kwa mwenye hasira, damu ya simanzi kwa mwenye huzuni, na damu tulivu kwa asiyejishughulisha. Lugha yetu imezoea kupima tabia kwa damu, kwani aliyekasirika husemwa damu imemchemka, na anayechukiwa bila kosa tunasema ana damu ya kunguni. Damu kali huongeza kasi na nguvu za mwili, ya simanzi huongeza ustahimilivu na uwezo wa kujificha, tulivu huongeza utambuzi na uwezo wa kuamuru akili za watu, na changamfu huongeza mvuto pamoja na uchawi wa damu. Tabia ikiwa imekolea, mchezaji hupata dadu moja ya ziada kwa uwezo unaohusiana nayo.

Hapo, Mwalimu, waonyeshe vijana wako maana ya orodha hiyo wanapoijaza. Mwenye hasira anatafutwa na mpiganaji, lakini mchawi anamtafuta mtu mwenye furaha. Mchawi wa kundi letu alisimama saa tatu usiku nje ya ukumbi wa harusi karibu na Ngong Road, wapambe wakitoka kuvuta hewa huku wakicheka, na mchezaji aliyemwongoza alikaa kimya muda mrefu sana kabla ya kusema amemchagua yupi.